Uzi: Msichana, fahali na mnyororo uliofichwa mgongoni (mchoro wa Evelyn Dunbar, 1945)

MamaNdama_Tukuyu (mleta uzi)

Wadau, habari za jioni.

Nimeshughulika na ng'ombe wa maziwa miaka kumi na tisa sasa huku Rungwe. Wiki iliyopita binti yangu aliyeko chuoni alinirushia picha kwenye simu na swali moja tu: "Mama, huyu dada anafanya nini?" Nikaikuza picha kwa vidole, na mwili ukanisisimka. Nilijua papo hapo anafanya nini, kwa sababu mama yangu alikuwa akifanya hivyo hivyo.

Ni mchoro wa rangi za mafuta unaoitwa "A Land Girl and the Bail Bull". Aliuchora Mwingereza aitwaye Evelyn Dunbar, ukakamilika mwaka 1945, na sasa ni mali ya jumba la sanaa la Tate. Ni mpana, karibu meta 1.8 kwa chini ya meta moja kwenda juu. Ni alfajiri huko Hampshire, kusini mwa Uingereza, kwenye vilima vya malisho, na anga imejaa mawingu membamba yaliyotandazwa kama pamba iliyochambuliwa. Mbele yupo fahali. Mbele ya fahali yupo msichana mwenye ndoo.

Sasa tazameni mkono wa nyuma.

Dunbar mwenyewe aliacha maelezo. Banda la kukamulia huko (ndilo "bail" la kwenye jina la mchoro) lilikuwa la kuhamishika, linavutwa kutoka malisho haya kwenda yale badala ya ng'ombe kurudi zizini. Asubuhi, kabla ya kukamua, msichana huyu anapaswa kumkamata fahali na kumfunga. Anamvuta kwa ndoo ya chakula. Mnyororo ameuficha nyuma yake, tayari kuubana kwenye pete ya puani mara tu pua itakapofika karibu. Mchoraji anasema ni kazi inayotaka utaratibu na ni ya hatari.

Marehemu mama alikuwa na dume moja jekundu, paji la uso lina doa jeupe. Dume hilo lilikuwa na akili. Likiona kamba mkononi linageuka, unalifukuza mpaka jua linawaka. Kwa hiyo mama alikuwa anaizungushia kamba kiunoni, chini ya khanga, halafu anachukua beseni la pumba na kwenda nalo polepole huku akiliita kwa sauti ile ile ya kila siku. Hatazami pembe. Hatazami macho. Anatazama ardhi mbele ya kwato. Mimi nilikuwa na miaka minane, kazi yangu kusimama kwenye lango na kulifungua kama mama atakuja mbio. Alikuja mbio mara moja tu. Nikafungua.

Basi miaka yote hii nilidhani ule ni ujanja wa mama yangu. Kumbe kuna mwanamke mwingine upande wa pili wa dunia alikaa akautazama ujanja huo huo, akaona unastahili turubai la karibu meta mbili. Nimekuja hapa kuuliza: kuna anayemjua zaidi huyu Dunbar? Na ninyi wachoraji, mnaona nini ambacho mimi sikioni?

---

Kalamu_ya_Mkaa

Mama, shikamoo. Asante kwa uzi huu, nimeusoma mara mbili.

Mimi nafundisha uchoraji Bagamoyo, na Dunbar nilimfahamu kupitia michoro yake mingine. Alizaliwa Reading mwaka 1906, akakulia Kent, mkoa wa mashamba na bustani za matunda. Alisoma Royal College of Art, London. Kabla ya vita alishiriki kuchora kuta za shule moja ya wavulana kule Brockley, kazi iliyochukua miaka mitatu. Vita vilipoanza serikali ya Uingereza iliunda kamati ya wasanii wa vita chini ya Kenneth Clark, na mwaka 1940 Dunbar akaajiriwa kuchora kazi za wanawake nyumbani wakati wanaume wako jeshini. Wanawake wengine walipewa kazi moja moja na kulipwa kwa mchoro. Yeye ndiye mwanamke pekee aliyekuwa na mshahara wa kamati hiyo kipindi chote cha vita.

Kuhusu ninachokiona: mchoraji alikuwa na dakika zote za asubuhi hiyo za kuchagua. Angeweza kuchora fahali ameshafungwa, msichana anafuta jasho. Angeweza kuchora purukushani, vumbi, pembe. Amechagua zile sekunde mbili ambazo hakuna kilichotokea bado. Fahali hajui. Msichana anajua. Na sisi tunajua, kwa sababu tumepewa kuuona mnyororo ambao mnyama hauoni. Kwa hiyo tunawekwa upande wa yule dada bila kuulizwa.

Jingine ni ile anga. Ukiitazama haraka utasema ni pambo. Lakini ondoa anga ile, weka bluu tupu, na uwanja ule utakuwa mtulivu mno. Mawingu yale yanafanya macho yako yasitulie, nawe huwezi kuona hofu usoni pa yule dada kwa sababu anaificha, kama alivyouficha mnyororo.

---

Ngaramtoni77

Mimi sina uelewa wa sanaa ila nina swali la moja kwa moja. Kwa nini wasichana? Wakulima wa Uingereza walikuwa wapi?

---

Mtembezi_Kent

Ngaramtoni77, nijaribu mimi, naishi huku Kent mwaka wa kumi na moja na nimewahi kuchuma tufaha kwenye mashamba haya haya.

Kabla ya vita Uingereza ilikuwa inaagiza zaidi ya nusu ya chakula chake kutoka nje kwa meli. Vita vilipoanza, nyambizi za Ujerumani zikawa zinazizamisha meli hizo. Hapo hapo vijana wa mashambani wanaitwa jeshini. Mgao wa chakula ulianza Januari 1940, wakaanza na nyama ya nguruwe ya kukausha, siagi na sukari, na haukuisha kabisa mpaka 1954, vita vimekwisha zamani. Ilibidi ardhi iliyokuwa malisho ilimwe, na mikono ipatikane.

Ndipo likafufuliwa Jeshi la Wanawake la Mashambani. Liliwahi kuwapo vita ya kwanza, mwaka 1917, likavunjwa, likaundwa tena Juni 1939, miezi mitatu kabla vita havijatangazwa. Kiongozi wake alikuwa Lady Denman, makao makuu yakawa nyumbani kwake, Balcombe Place, Sussex. Kufikia miaka ya 1943 na 1944 lilikuwa na wanawake zaidi ya 80,000. Wengi hawakuwa watu wa shamba. Walikuwa wauza maduka, wasusi, makarani, wafanyakazi wa viwanda vya nguo, na karibu theluthi moja walitoka London na miji ya viwanda ya kaskazini. Mtu ambaye maziwa aliyajua kwenye chupa mlangoni, leo anapewa ndoo na kuambiwa kamlete fahali.

Sare yao: sweta la kijani, suruali ya kahawia iliyobana magotini, soksi ndefu, kofia ya kahawia. Bibi mmoja hapa mtaani kwetu alikuwa mmoja wao. Amefariki sasa. Aliniambia alichokikumbuka zaidi ni baridi ya asubuhi kwenye vidole, wakichuma zile kabeji ndogo ndogo za Brussels zenye barafu. Hiyo kazi pia Dunbar aliichora.

---

Kalamu_ya_Mkaa

Mtembezi umenikumbusha. Mwaka 1940 Dunbar alikwenda chuo cha kilimo cha Sparsholt, Hampshire, walikokuwa wanafundishwa wasichana hao. Kuna mchoro wake mmoja wanajifunza kukamua, lakini hakuna ng'ombe! Wamefungiwa mfuko wa turubai kwenye fremu ya mbao, umejazwa maji, una chuchu za mpira. Wameinama wanakamua maji, nyuso zimekaza kama watu walio kwenye mtihani. Upo Imperial War Museum, London.

---

MamaNdama_Tukuyu

Kalamu, kiwele cha mpira! Nimeutafuta mchoro huo baada ya kusoma ulichoandika na nimekaa nao jioni nzima.

Niwaambie kitu ambacho mtu asiyekamua hawezi kukijua. Kukamua si kuvuta. Mgeni anavuta chuchu kwenda chini, ng'ombe anaumia, anapiga teke, ndoo inamwagika. Unatakiwa kufunga kwa kidole gumba na cha shahada pale juu ili maziwa yasirudi, halafu vidole vingine vinafuata kimoja kimoja kushuka, kama unakunja ngumi pole pole. Siku ya tatu mikono ya mgeni inavimba hapa, chini ya kiwiko, mpaka hawezi kushika kijiko. Sasa angalieni mikono katika mchoro wa Dunbar. Angalieni wanavyokaa, goti lilivyo. Yule mama hakupita pale saa moja na kuondoka. Alikaa, akaangalia mpaka akaelewa.

---

Mtembezi_Kent

Alielewa kweli, Mama. Mwaka 1942 kilitoka kitabu cha mafunzo ya kazi za shamba kiitwacho "A Book of Farmcraft", maneno ya Michael Greenhill aliyekuwa mkufunzi pale Sparsholt, michoro ya Dunbar. Anaonyesha namna sahihi ya kufanya kazi na namna mbaya, ili msichana wa mjini asijiumize. Na mwaka huo huo 1942 Dunbar aliolewa na Roger Folley, mchumi wa kilimo, ambaye wakati huo alikuwa jeshi la anga. Kwa hiyo shamba lilikuwa maisha yake.

---

HojaTupu

Samahani, nina wasiwasi na sifa hizi. Kamati ile ilikuwa chini ya wizara ya habari ya serikali, wakati wa vita. Kazi yake ni kuwafanya wananchi wakubali kujitoa. Hata sisi tumeona michoro ya mikono imeshika majembe, kila mtu anatabasamu, huku mkulima mwenyewe ana njaa. Tofauti iko wapi?

---

Kalamu_ya_Mkaa

HojaTupu, ni hoja ya haki na sitaikwepa. Mabango ya kuandikisha wasichana yalikuwapo, na ndiyo hayo unayoyasema: jua linawaka, dada ana uma wa nyasi, meno yote nje. Dunbar alikuwa analipwa na serikali ile ile.

Lakini weka bango kando ya mchoro huu. Bango linakuambia: njoo, kazi ni nzuri. Mchoro huu unakuambia kazi hii inaweza kukuua, na kwamba anayeifanya ana akili ya kuifanya. Hakuna bendera. Hakuna tabasamu. Tazama pia ule wa kuchambua viazi aliouchora Berwick mwaka 1943, migongo imepinda, mambo ni viazi tu na baridi. Mtu anayetaka kukushawishi ujiunge hakuonyeshi mgongo uliopinda.

Nilinganishe na mwingine. Mwaka 1943 Laura Knight alichora mfanyakazi wa kiwanda cha mizinga, Ruby Loftus, jina lake limo kwenye kichwa cha mchoro na akawa maarufu nchi nzima. Ni kazi kubwa sana, naipenda. Msichana wa Dunbar hana jina. Ni "msichana wa shamba" basi. Kwangu hilo ni pungufu, na nalisema ingawa nampenda Dunbar.

---

Wakili_wa_Kijiji

Nimekuwa nasoma kimya kimya ila hapa pa mishahara nimeshindwa kupita.

Mwanzoni mwa vita msichana wa jeshi lile la mashambani alilipwa shilingi 28 kwa wiki. Kibarua mwanamume wa shambani alilipwa 38. Na katika hizo 28, kama nusu zilikatwa kwa ajili ya malazi na chakula. Shamba lile lile, fahali yule yule.

Vita vilipokaribia kwisha, serikali ikaandaa malipo ya kiinua mgongo na misaada ya kuanzia maisha kwa waliotumikia majeshi na huduma nyingine. Wanawake wa mashambani wakaachwa nje. Lady Denman akajiuzulu, Februari 1945, kwa kupinga jambo hilo. Mama mleta uzi, tazama huo mwaka. Ni mwaka wa mchoro wako.

Jeshi lenyewe lilivunjwa Novemba 1950. Beji ya kuwatambua ilitolewa na serikali mwaka 2008. Aliyejiunga akiwa na miaka 18 mwaka 1940 alikuwa na miaka 86 siku anapokea beji, kama alikuwa bado hai. Nimefanya kesi za mirathi na madai ya vibarua miaka mingi, na najua mtu anavyoonekana anapolipwa haki yake akiwa hawezi tena kusimama.

---

Ngaramtoni77

Wakili, hili limenigusa kuliko yote.

Na HojaTupu asidharauliwe, ila nami nimeenda kuutazama mchoro. Sikuona tabasamu.

---

Mjukuu_wa_Keya

Naomba kuongeza upande wetu kidogo, kwa sababu vita ilikuwa moja.

Babu yangu mzaa baba alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza hapa Afrika Mashariki, alifika Burma. Kutoka Tanganyika waliandikishwa takriban watu 87,000 na Kenya takriban 98,000. Na walioachwa hawakuachwa shambani kwao wote. Wajapani walipoiteka Ufilipino na Java mwaka 1942, nyuzi za kamba za huko zikawa hazipatikani, kwa hiyo mkonge wa Tanganyika ukawa unatafutwa kwa kamba za meli na mengine, na wanaume wakakamatwa kwa amri ya serikali kwenda kukata mkonge. Kijijini walibaki wanawake, wazee na watoto.

Bibi alisimulia kwamba mwaka babu alipoondoka alilima peke yake, mimba ya miezi sita, na watoto wawili wanamfuata kwenye matuta. Alipanda mihogo zaidi ya mahindi mwaka ule. Nilipokuwa kijana nilidhani ni kwa sababu ya mvua. Baadaye akanieleza: muhogo unasubiri. Mahindi yakikomaa lazima uvune, na yeye hakujua atakuwa na nguvu siku gani baada ya kujifungua. Muhogo uache ardhini, utaukuta.

Hakuna aliyetumwa na kamati kuja kumchora bibi. Sisemi hili kwa kumlaumu Dunbar, yeye alichora kilichokuwa mbele ya macho yake. Nasema nilipousoma uzi huu wa mnyororo uliofichwa nyuma, nilimwona bibi na mihogo yake. Ni akili ya namna moja.

---

MamaNdama_Tukuyu

Mjukuu, pole na asante. "Muhogo unasubiri." Bibi yako alikuwa mtaalamu. Uyaandike hayo mahali, na jina lake uliandike.

---

DaktariwaMifugo_Nax

Niongee kama daktari wa mifugo, maana wafugaji wadogo wanasoma hapa. Mchoro ni mzuri lakini msiige. Mnyororo wa mkononi unakuweka karibu mno na kichwa cha fahali. Tumieni fimbo ndefu yenye ndoano ya kushikia pete, na muwe wawili. Fahali wa maziwa ni hatari kuliko fahali wa nyama, watu wengi hawalijui hilo. Yule aliyelelewa peke yake kwa chupa ndiye mbaya zaidi, kwa sababu hamwogopi mtu. Usimpe mgongo, na kabla ya kuingia jua utatokea wapi.

---

MamaNdama_Tukuyu

Daktari umesema kweli, na ndiyo maana mama alinisimamisha langoni.

---

Mtembezi_Kent

Nimalizie habari za mchoraji mwenyewe, kwa anayetaka kujua. Miaka kadhaa baada ya vita Dunbar alirudi Kent na kuendelea kuchora kwa utulivu, jina likafifia. Alikufa Mei 1960 akiwa na miaka 53, ghafla, akitembea msituni karibu na nyumbani. Michoro ya vita iligawiwa kwa majumba mbalimbali, huu wa fahali ukaenda Tate mwaka 1946. Lakini kazi zake binafsi zilikaa darini kwa ndugu huku Kent, zaidi ya mia tano, mpaka zilipogunduliwa mwaka 2013. Nyingi zikaonyeshwa Chichester, Pallant House Gallery, mwaka 2015. Nilikwenda. Kulikuwa na michoro midogo ya penseli ya mikono, mikono mitupu, inashika kitu ambacho hakijachorwa bado.

---

Kalamu_ya_Mkaa

Mtembezi, hilo la mikono umeniua. Kesho nawapa wanafunzi wangu zoezi hilo hilo.

---

MamaNdama_Tukuyu

Wadau, nirudi na habari kidogo.

Jumamosi nilichapisha picha ile kwa rangi nikaibandika kwenye kituo chetu cha kukusanyia maziwa, juu ya meza ya kupimia. Wanawake wanaoleta maziwa asubuhi ni kama arobaini. Sikuwaambia lolote, sikuandika jina la mchoraji wala nchi.

Wa kwanza akaangalia huku ndoo yake inapimwa, akasema, "Huyu anamdanganya na pumba." Wa pili akauliza kama ile pete ya puani inauzwa Mbeya. Wakabishana kuhusu mkono: mmoja anasema angeushika mnyororo kwa kulia, mwingine anasema la, kulia ni kwa ndoo kwa sababu ndoo ndiyo nzito. Foleni ikasimama, mpimaji akalalamika.

Kisha akaja bibi mmoja tunayemheshimu sana, ana zaidi ya miaka sabini na ng'ombe wawili. Akasogea mpaka karibu kabisa, akavaa miwani, akakaa kimya muda mrefu. Akaniuliza, "Nani amesimama langoni?"

Nikamwambia lango halionekani, bibi.

Akasema, "Basi awahi kumfunga," akachukua ndoo yake tupu akaondoka.